Mota Kuukuu Si Mota Mbovu

Lugha yetu ina maneno mawili ambayo watu wa siku hizi hupenda kuyachanganya, nayo ni kuukuu na -bovu. Nguo kuukuu yaweza kusitiri mwili, na nyumba kuukuu yaweza kuzuia mvua. Bali kitu kibovu hakifai tena. Kwa miaka zaidi ya thelathini nimekuwa fundi wa mota za mitumbwi kando ya ziwa Tanganyika, kusini ya Kalemie, na karibu kila aniletea mota ya zamani huniambia neno lile moja: «Fundi, hii ni mbovu, tazama kama utapata humo vipande vya kuuza.» Mara nyingi sivyo. Mota imelala tu, imesahauliwa, imejaa utandu na viota vya nyigu. Juu ya mota za namna hiyo nataka kuwaandikia leo, maana yako mambo ndani yake yasiyohusu chuma peke yake.

Kwa wale wakaao mbali na maji, nieleze kwanza. Mota ninayoisema ni mashini ndogo ya kuchukuliwa begani na mtu mmoja, nayo hufungwa nyuma ya mtumbwi au mashua kwa skrubu mbili za kukazwa kwa mkono. Juu pana kichwa, penye silinda, pistoni na tangi la esanse; chini yake mguu mrefu uingiao majini; na mwisho wa mguu panga la kusukuma maji. Mwendeshaji hushika mkono wake, nayo huwa mota na usukani kwa pamoja.

Wengi hufikiri ya kuwa kitu hiki ni cha juzi. Mwaka 1881 Mfaransa mmoja, Gustave Trouvé, aliendesha mashua juu ya mto Seine katika mji wa Paris kwa mota ya umeme iliyofungwa pamoja na usukani, tena ya kuvuliwa na kurudishwa nyumbani. Mwaka 1905 Mmarekani Cameron Waterman alijaribu mota ya esanse katika mto Detroit. Lakini jina lililoenea ulimwenguni ni la Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwei wa mwaka 1877, aliyepelekwa Marekani angali mtoto. Yasemekana ya kuwa siku moja ya jua kali, mwaka 1906, alikuwa kando ya ziwa pamoja na rafiki zake na mchumba wake Bess, naye Bess akatamani maziwa ya barafu. Ole akapiga makasia mpaka ng'ambo kuyanunua. Aliporudi yalikuwa yameyeyuka. Jasho lile likamtia mawazo. Mwaka 1909 akaanza kuuza mota yenye nguvu ya farasi moja na nusu, uzito wake ratili 62, yaani kilo 28, na bei yake dola 62. Tena mama zetu wasikie jambo hili: Ole alikuwa fundi hodari, lakini Bess ndiye aliyetunza hesabu na kuandika matangazo yaliyoleta wanunuzi. Mwaka 1921 wakaleta mota nyingine, nyepesi zaidi, ya alumini. Jina la Evinrude lilidumu juu ya mota mpya mpaka mwaka 2020. Wavuvi wetu wa ndakala, waliopiga kasia usiku kucha tangu enzi za babu zao, hawahitaji maziwa ya barafu ili kulifahamu shauri la Ole.

Mota niipendayo mimi lakini ni ya Uingereza, nayo huitwa British Seagull. Ilianza kutengenezwa mwaka 1931 katika mji wa Wolverhampton. Halafu mabwana wawili, John Way-Hope na Bill Pinniger, wakaichukua, na kazi ikahamia Poole, kwenye pwani ya kusini. Wakati wa vita ya 1939 hata 1945 jeshi la majini la Uingereza lilizitumia. Mwaka 1996 zilikoma kutengenezwa. Sura yake haimvutii kijana. Haina kifuniko cha rangi: silinda iko wazi, tangi la shaba ya njano liko wazi, gurudumu la juu liko wazi, na juu ya gurudumu pana mfereji mdogo wa kuzungushia kamba. Wazungusha kamba, wavuta. Ikikataa, wazungusha tena. Silinda yake ni moja, ya sentimeta za ujazo 64 kwa mota ndogo, na 102 kwa zile kubwa. Kijana akisikia hesabu hiyo atacheka, maana pikipiki za abiria barabarani zaizidi. Lakini giya zake hupunguza mwendo, na panga lake ni kubwa na huzunguka polepole. Kwa hiyo haina mbio, ila husukuma mzigo. Na mtumbwi uliojaa watu na magunia hauna haja ya mbio.

Ya kwetu ilipatikana katika ghala la misioni mwaka 2011, nyuma ya mabenchi yaliyovunjika na sanamu ya Mtakatifu Yosefu isiyo na mkono. Padri Paroko wa wakati ule alitaka ghala lifagiwe ili kuweka mahindi. Vijana walikuwa wamekwisha kuinua mota ile ili wampelekee mnunuzi wa vyuma, kwa bei ya kilo. Nikawasimamisha. Nikasugua kwa kidole mahali palipochapwa namba, nikasoma. Mota hizi, tangu miaka ya 1960, zina namba iliyo kama cheti cha ubatizo: herufi za kwanza zataja ukoo wake, namba ya kati ni yake peke yake, na mwishoni huja herufi ya mwezi na tarakimu ya mwaka. Hii ilikuwa ya mwaka 1966. Mapadri wazee waliokwenda nayo kusoma Misa katika vijiji vya kando ya ziwa wamekwisha kufariki wote, Mungu awapumzishe kwa amani. Mzee mmoja katekista aliikumbuka kwa sauti yake. Alisema ya kuwa watoto walipoisikia kutoka mbali walikimbia kupiga kengele, kabla mtumbwi haujaonekana.

Pistoni ilikuwa imeshikwa na kutu. Hapo ndipo mafundi wengi huiua mota. Huchukua nyundo, au hutia chuma kirefu kwenye gurudumu na kulilazimisha kwa nguvu za vijana wawili, kitu chavunjika, nao husema: «Tulijua ya kuwa ni mbovu.» Mimi nalitoa buji, nikamimina ndani ya silinda mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta ya mota, nikaziba tundu kwa kitambaa, nikaenda zangu. Kila asubuhi baada ya Misa nilishika gurudumu kwa mikono miwili, nikalisukuma kidogo huku na huku, bila hasira, nikaongeza mafuta. Siku ya kumi na saba lilisogea unene wa ukucha. Siku ya ishirini likazunguka. Mke wangu alisikia nikicheka peke yangu karakanani, akaleta viti viwili akidhani nina mgeni.

Baada ya hapo kazi kubwa ni ya usafi. Tangi la shaba halikupata kutu, lakini esanse ya zamani ilikuwa imekauka ndani yake na kuwa utandu mwekundu kama gundi. Nikatia changarawe safi za ziwani pamoja na maji ya moto na sabuni, nikalitikisa kama mama atikisavyo kibuyu cha maziwa, nikasuuza, nikarudia mara nne. Katika kabureta limo tundu dogo sana lipimalo esanse. Nawaomba vijana wanaosoma maneno haya: tundu hilo msilichokonoe kwa sindano wala kwa waya. Shaba ni laini. Waya hulipanua, na likipanuka kipimo kimepotea, wala hakuna dawa ila kutafuta jingine. Unyasi wa ufagio na pumzi ya kinywa vyatosha.

Halafu cheche. Chini ya gurudumu la juu pana sumaku, koili, na vile visahani viwili vidogo ambavyo mafundi wetu huviita platini. Sumaku ikipita mbele ya koili huzaa umeme; platini zikiachana, umeme huruka kwenye buji na kuwasha esanse. Betri haimo. Ndiyo sababu mota iliyolala gizani miaka mingi yaweza kuamka, maana sumaku haipotezi nguvu yake upesi. Kilichozuia cheche kilikuwa ukungu mwembamba juu ya platini, nao uliondoka kwa karatasi ya msasa mwororo kabla chai yangu haijapoa. Nafasi kati ya platini, zikiwa zimeachana kabisa, yapasa kuwa nusu milimeta, na nafasi ya buji vivyo hivyo. Asiye na kipimo akaazime. Jicho la fundi, hata likiwa la miaka thelathini, hudanganya.

Giya zimo chini kabisa, mwisho wa mguu, nazo huoga katika mafuta mazito, namba 140. Gresi haifai humo. Mguu wa mota hizi haukuzibwa kwa mipira mikali kama mota za leo. Maji huingia kidogo kidogo, na mafuta hugeuka meupe kama uji. Mwenye mota hufungua skrubu ya giya kila baada ya safari chache, atazame, aongeze au abadili. Panga nalo hushikwa na resori nene: likigonga jiwe, resori hupokea pigo na meno ya giya hupona. Naona shauri hilo ni la akili nyingi. Aliyelifikiri alijua ya kuwa mota yake itashikwa na watu wa kila namna, na kando za kila namna.

Mota ya namna hii haiwashwi nchi kavu, maana maji ndiyo yapozayo silinda. Tukakata pipa, tukalijaza maji, tukaifunga kwenye ubao. Nilifungua bomba la esanse, nikabonyeza kabureta mpaka tone likaanguka, nikazungusha kamba. Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili ikakohoa. Mara ya tano ikanguruma, moshi wa buluu ukajaa ua mzima, kuku wakakimbia, na katekista mzee, aliyekuwa ameketi chini ya mwembe, akavua kofia yake.

Siku zile nilikumbuka mara nyingi meli Liemba, ambayo watu wa kando zote za ziwa letu waijua. Ilijengwa Papenburg, katika nchi ya Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Götzen, ikaletwa vipande vipande mpaka Kigoma. Mwaka 1916, Wajerumani walipoona ya kuwa watashindwa, waliizamisha wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi walizipaka mashini zake gresi nzito. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua kutoka chini ya maji, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena, kwa jina la Liemba. Mashini zilizokaa majini miaka minane ziliweza kuzunguka, kwa sababu mtu fulani, siku ya kushindwa kwake, alifanya kazi ya mikono yake kama kwamba kesho atairudia. Mtu huyo namheshimu, ijapokuwa jeshi lake silijui.

Sasa nitaje jambo lisilonipendeza katika mota hizi, maana fundi asifiaye tu ni mchuuzi. Mota kama yetu hutaka lita moja ya mafuta kwa lita kumi za esanse. Mhimili wake huzunguka ndani ya bomba za shaba, hauna beringi za vidonge, na bomba hizo huishi kwa mafuta hayo. Anayepunguza mafuta ili kuokoa fedha ameichimbia kaburi. Lakini mafuta hayo hayaungui yote. Sehemu yake hutoka pamoja na moshi na kubaki juu ya maji. Siku ya utulivu waona nyuma ya mtumbwi rangi za upinde wa mvua, nazo zapendeza macho. Nao mama na binti zetu huchota maji yayo hayo kwa kunywa na kupika. Marekani ilitoa kanuni mwaka 1996 ili kupunguza moshi wa mota za mashua, na mota za kuchanganya mafuta na esanse kwa kabureta hazitengenezwi tena kwa ajili ya watu wa huko kama zamani. Kwetu zingali nyingi. Kwa hiyo sishauri mota kuukuu ifanye kazi ya kila siku. Na mafuta machafu ya giya, mnaonijua mwajua ya kuwa siyamwagi ufukweni. Huyaweka katika debe na kupaka nguzo za ua, nao mchwa huziogopa.

Katika karakana yangu yumo msichana mmoja, binti wa mdogo wangu. Alipokwisha shule ya sekondari hakuwa na ada ya kuendelea, akaja kukaa kwetu, akaanza kwa kufagia. Watu walinena mengi. Mama mmoja wa shirika letu alimwuliza mke wangu ni mwanamume gani atakayeoa mikono inayonuka mazuti. Binti hakujibu, aliendelea kuchonga gasketi kwa mkasi, tena alizichonga vizuri kuliko mimi. Yeye ndiye aliyenionyesha buji za uongo. Sokoni zimejaa siku hizi: kisanduku ni kizuri, maandishi yang'aa, na siku ya tatu cheche imekufa. Wauzaji siwataji. Alichukua mbili, ya zamani iliyosafishwa kwa burashi ya waya na mpya ya kisandukuni, akafunga mlango giza liingie, akazungusha gurudumu. Ya zamani ilitoa cheche ya buluu, yenye sauti. Mpya ilitoa kitu chekundu kama sigara ya mlevi. «Baba mkubwa,» akasema, «hii tuwape wanaotaka kupiga kasia.»

Parokia yetu ilinunua mota mpya mwaka 2016 kwa michango ya waamini, yenye nguvu ya farasi kumi na tano. Nilifurahi sana. Wagonjwa waliokwenda nusu siku sasa walifika kabla jua halijapanda. Nilimwomba Padri Paroko jambo moja tu: mota kuukuu ilale ndani ya mtumbwi katika safari zote ndefu, imefungwa katika turubai, pamoja na tangi lake lililojaa na kamba yake. Uzito wake ulimkera nahodha, maana mahali pake pangetosha magunia mawili ya muhogo. Akatii hata hivyo.

Mwezi wa Agosti 2019 mtumbwi uliondoka na watu kumi na mmoja. Miongoni mwao alikuwamo mama mmoja mwenye uchungu wa kuzaa, uliokuwa umempata tangu usiku na mtoto hashuki, na mzee mwenye homa. Msichana wetu alikuwamo kama mtunza mota. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Mimi nilibaki ufukweni. Walioishi kando ya Tanganyika wajua pepo za kusini za wakati wa kiangazi: asubuhi ziwa ni kama kioo, na saa nne hivi lainuka. Walipokuwa karibu kilometa nane kutoka nchi kavu mota kubwa ikazimika. Esanse iliyonunuliwa njiani ilikuwa na maji. Kufungua kabureta katika mawimbi yale hakukuwezekana: skrubu moja ikianguka, imekwenda mahali penye kina ambacho hakuna mkono utakaokifikia. Mtumbwi ukageuka ubavu, maji yakaanza kuingia, watu wakaanza rozari.

Binti alikata kamba za turubai kwa kisu cha samaki. Nahodha na kijana mmoja wakavua mota kubwa, wakafunga kuukuu mahali pake, na wimbi likawapiga wote watatu. Alivuta mara nne. Baadaye nalimwuliza aliwaza nini alipovuta, akanijibu ya kuwa hakuwaza kitu, alihesabu tu mizungusho ya kamba, maana ukizidisha mzungusho mmoja kamba hunasa. Mota ikawaka. Wakageuza mdomo wa mtumbwi kulikabili wimbi, wakaenda mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu, saa mbili na nusu. Wawili walikuwa wakichota maji kwa mabakuli njia yote. Mama yule alipelekwa hospitali kwa pikipiki jioni ileile, na usiku akazaa mtoto wa kiume. Walimpa jina la mtume aliyekuwa mvuvi. Mzee mwenye homa alifariki baada ya siku nne; ugonjwa wake ulikuwa umekwisha kumshinda kabla ya safari.

Mimi ufukweni sikujua lolote ila ya kuwa saa imepita. Waliosimama nami walikuwa wakitazama. Mimi nalisikiliza. Sauti ya mota kubwa naijua, na sauti ya kuukuu naijua, nayo ndiyo iliyokuja juu ya upepo.

Mwaka 2022 alifika mgeni kutoka Ulaya, mtu mwema, aliyekuwa akizitembelea misioni za zamani, hata Mpala, ambako Mapadri Weupe walifika mwaka 1885. Aliiona mota yetu karakanani, akapiga magoti mbele yake kama mtu aliyempata ndugu yake. Akatueleza ya kuwa huko kwao wako watu wengi wanaozikusanya mota kama hizi, huzitengeneza, huzipaka rangi yao ya kwanza, hukutana ziwani siku za mapumziko kuziwasha. Marekani wanacho hata chama chao, kilichoanzishwa mwaka 1965. Akatazama namba, akaandika katika kitabu chake, akatoa neno: dola mia nne, taslimu, na gharama ya kuisafirisha juu yake.

Baraza la parokia likaitwa. Mtunza fedha wetu ni mtu wa haki, nami nataka maneno yake yafike kwenu jinsi alivyoyasema. Alisema: «Katika kijiji cha kusini upepo umechukua mabati ya kanisa. Watu mia mbili husali chini ya mwembe, na mvua ikinyesha Misa hukatika. Watoto wa Komunyo ya kwanza waliipokea wakiwa wamelowa. Dola mia nne ni mabati. Nasi tumekalia dola mia nne ambazo zanguruma mara moja kwa mwaka.» Watu wakanyamaza, maana ilikuwa kweli.

Nikaulizwa mimi. Nikasema ya kuwa mota si yangu, niliiamsha tu. Lakini fedha zile hazinunui mota nyingine ya akiba, hata ndogo. Na siku itakayozimika ile kubwa mahali penye kina, mabati hayatafunguliwa nyuma ya mtumbwi. Mtunza fedha akanijibu, kwa upole, ya kuwa mtumbwi waweza kuzimikiwa au usizimikiwe, bali mvua hunyesha kila mwaka. Hapo tukawa hatuna la kuongeza, yeye wala mimi. Mama wa yule mtoto alikuwa ameketi nyuma, naye mtoto amelala juu ya paja lake. Hakusema neno. Nafikiri lingekuwa jambo zito mno kwake kusema, na watu wa kijiji cha kusini wakimtazama.

Padri Paroko aliomba siku tatu za kufikiri. Siku ya nne alitangaza ya kuwa mota haitauzwa, na ya kuwa yeye mwenyewe atakwenda kuwaeleza watu wa kijiji cha kusini, kwa miguu, wala si kwa mtumbwi. Akaenda. Walisali chini ya mwembe masika mawili zaidi. Mabati yalipatikana mwaka 2024. Mtunza fedha angali anafikiri ya kuwa baraza lilikosa, naye huniambia hivyo mbele ya watu, halafu hunialika chakula. Siwezi kusema ya kuwa hana haki. Mgeni alituandikia barua mara mbili, ya pili yenye picha ya mota nyingine ya mwaka uleule, iliyong'aa kama kikombe cha altare.

Mwaka huu koili ya mota yetu imeanza kuchoka: ikiwa baridi yatoa cheche, ikiwa moto yakataa. Binti ameifungua na kuipeleka Kalemie kwa fundi wa redio, mzee mwenye waya mwembamba kama unywele na mikono isiyotetemeka, naye amekubali kuisuka upya, ila amesema asiharakishwe. Mpaka itakaporudi Padri Paroko ameagiza mtumbwi usiiache kando zaidi ya umbali ambao makasia manne yaweza kuurudisha.